Kuhesabu Pumzi

Pikipiki ilipata pancha kabla ya Ndabaka.
Luhende akavua gurudumu, akaanza kuilaani miiba,
nami nikakaa juu ya kisanduku cha chanjo,
Ghuba ya Speke nimeipa mgongo,
upepo wa ziwa ukinisukuma shingoni
na harufu ya dagaa walioanikwa Lamadi.

Ndipo kichuguu kikageuza kichwa.

Alikuwa duma, ameketi wima
kama mama anayesubiri jina lake liitwe,
michirizi miwili myeusi toka machoni hadi kinywani.
Saa tano asubuhi, jua limeshakuwa kali.
Simba wamelala. Fisi wamelala.
Huo ndio wakati aliobakishiwa,
kama mke mdogo anavyopewa jiko
wakubwa wakishapakua.

Mbele yake swala tomi, ishirini hivi.
Hakukimbia. Alitembea:
hatua, kusita, hatua,
kichwa chini ya mabega,
mguu mmoja ukining'inia hewani
mpaka nami nikasahau kumeza mate.

Kisha
vumbi lilipinda kulia, likapinda kushoto,
mkia ukapigwa upande kama usukani,
na swala mmoja akatoka katika hesabu ya swala.
Luhende aliinua kichwa. "Nini?"
Kilikuwa kimekwisha.

Kilichofuata hawakichori ubavuni mwa mabasi.
Alilala pembeni ya nyama, asile.
Mbavu zikipanda, zikishuka, zikipanda.
Mkono wangu ukaitafuta saa wenyewe.
Miaka tisa nawahesabia watoto pumzi,
nainua kishati, natazama kifua, dakika moja kamili,
na hamsini hunitisha.
Nilifika mia moja na arobaini, nikapotea.

Akaita. Duma hana ngurumo.
Ulikuwa mlio wa ndege, mwembamba,
kifaranga ndani ya boksi,
na nyasi zikaitika mara mbili.
Wakatoka watoto wawili,
manyoya ya kijivu ya utoto yakianza kunyonyoka shingoni.
"Mwezi wa nne," akasema Luhende, "niliwaona hapa hapa, watano."
"Wengine?"
Aliujaza mpira upepo, akauweka sikioni,
akasikiliza unapovujia.

Nina daftari. Lina safu ya tarehe, safu ya uzito,
na safu ya mwisho ambayo kalamu yangu huijaza polepole.
Yeye huwahamisha kwa mdomo, mmoja mmoja,
kila baada ya siku chache,
harufu isije ikazoea mahali.
Wanasema mnyama hajui kuhesabu.
Basi anaporudi mara ya mwisho kwenye kichaka kitupu
akanusa, akazunguka, akanusa tena,
anakagua nini?

Alikuwa ameng'ata mara tatu, labda nne.
Fisi akaja. Mmoja tu,
bila haraka, mgongo umeinama,
kama mtoza ushuru anayejua meza zote za soko.
Duma akasimama, akamtazama.
Mguu ukivunjika leo, kesho ni njaa ya vinywa vitatu.
Akaita tena kile kilio cha ndege,
akaondoka na watoto wake, hakugeuka.

Nilikuwa nimeshaokota jiwe.
"Naye ana watoto, sista," akasema Luhende,
akafunga nati ya mwisho.

Tulichelewa saa mbili.
Akina mama walikuwa wamejaa chini ya bati,
barafu kisandukuni bado ipo, Mungu mkubwa.
Wa kwanza alikuwa mtoto wa Nkwimba, miezi minane,
anakohoa tangu juzi.
Nikainua kishati. Nikaomba ukimya.
Nkwimba hakunitazama mimi, alitazama midomo yangu.

Arobaini na tisa.

Nikarudia tangu mwanzo.