Jozi ya Taa

Radim kaingia na theluji mabegani,
amplifaya kaikumbatia kama ndama mgonjwa.
"Inakoroma," asema. "Ikifika ngoma ya tatu
inakoroma, halafu inanuka."
Inanuka nini?
Akafikiri kidogo.
"Vumbi lililokasirika."

Jibu zuri. Wengine huniambia tu imekufa.

Nafungua mgongo. Skrubu nane, moja haipo,
ilipotea mikononi mwa fundi mwingine, enzi nyingine.
Transfoma nzima. Spika ina kiraka cha karatasi
lakini inapumua.
Ni zile taa mbili kubwa za nyuma:
moja imeota mvi kileleni,
pale palipong'aa fedha sasa pana maziwa,
na taa ikishaota mvi za namna ile
imekwisha kunywa hewa. Usiiombee.

Kumbe kaja na zake.
Mfukoni mwa koti, vijisanduku viwili vya manjano,
pembe zimelika, tarehe ya mwaka sitini na mbili
imepigwa kwa wino wa zambarau.
Kazipata mnadani. Bei aliitaja chini chini
kama mtu anayetaja deni mkewe yupo.
"Ya kale dhahabu, Bibi Zdenka."
Dhahabu haivuji, nikamwambia. Lete tupime.

Arobaini na moja, yasema mita.
Mwenziwe: ishirini na saba.
Hiyo ndiyo jozi yako, Radim:
mmoja anasukuma kigari cha makaa,
mwenziwe kakipanda.
Nagonga kioo kwa ncha ya penseli,
na yule mvivu analia ndani ya spika
kama kengele ya baiskeli.

Chini ya meza ninazo nyingine,
mpya, zimefungwa kwenye trei ya mayai,
maandishi yamekaa upande, hazina historia.
Thelathini na tano. Thelathini na nne na nusu.
Radim akazitazama
jinsi watu wanavyotazama supu ya hospitali.

Kuna jambo sijamwambia, wala mteja yeyote
hapa Ostrava.
Sikio langu la kushoto limekwenda.
La kulia halisikii tena ufunguo ukianguka.
Miaka kumi na tisa kwenye mtambo wa simu,
nikiunganisha watu waliokuwa wakipigiana kelele;
walinilipa mshahara, wakachukua masikio.
Basi mimi huchagua taa kwa kiganja.
Naulaza juu ya ubao wa spika, nageuka dirishani
kama nasikiliza kwa makini sana,
na tramu namba nane inapita, nayo pia naipata miguuni.

"Piga," namwambia.

Za kale zilianza vizuri, siwezi kukana.
Mtetemo ulikuja mnene, una manyoya.
Hata yeye alifumba macho.
Dakika ya tano bati la ndani likaiva,
jekundu, jekundu zaidi,
na mimi nilikuwa nimeshazima
kabla hajafumbua.

Tukaweka za trei ya mayai.
Kiganja kikapokea kitu kilichonyooka,
ubao mzima ukitetemeka sawasawa,
kushoto kama kulia.
Yeye akasema, "Sijui."
Akapiga tena. Akapiga polka ya harusi,
kisha akapiga kitu cha huzuni ambacho bendi yake haipigi.
"Sijui, lakini haikoromi."

Akahesabu noti. Akafika mlangoni, akarudi.
Alitaka vijisanduku vya manjano.
Si taa zake; vijisanduku vitupu,
aviache juu ya amplifaya Jumamosi,
pale ukumbini, wenzake wavione.

Nikampa. Nikavifuta vumbi kwanza.
Jumatatu mpiga besi wao alinipigia simu,
akapaza sauti hadi nikasikia kila neno:
hiyo, mama, hiyo ndiyo sauti ya zamani,
na je, ninazo nyingine
za mwaka ule ule?