Daftari la Maziwa

Tumelipata ndani ya debe la unga, chini ya risiti za maji.
Jalada limelowa na kukauka mara nyingi mno;
jedwali la kuzidisha lililochapwa nyuma
limefutika kuanzia mara saba.

Mwandiko ni wa Mama. Herufi zimelalia upande mmoja
kama nepia baada ya mvua ya mawe.

"Asubuhi lita saba. Jioni lita tano.
Mama Kimeu, chupa mbili, deni.
Mwalimu Ochola, chupa moja, amelipa.
Hoteli ya stendi, lita tatu. Nusu amelipa, nusu hadithi."

Hivi ndivyo alivyoandika miaka kumi na minne
hapa Mutuini, mwisho wa lami,
mahali Nairobi ilipokuwa ikifika imechoka
na kugeuza basi irudi mjini.
Siku hizi haigeuzi. Imeshuka, imejenga.
Gorofa tano upande wa Gachungu, sita upande wa kanisa,
na nguo za watu tusiowajua
zinadondoshea maji maharagwe yetu.
Mchumia juani hulia kivulini, tuliambiwa.
Kivuli amekipata Mama: huanza saa nane,
hulala juu ya sukuma, hulala juu ya viazi,
saa kumi kimefika zizini
na Nyange, wa tatu kwa jina hilo,
mweupe kama yangeyange, anageuka kijivu.

Baba alilinda lango la watu kule Karen.
Usiku alikesha kwao, mchana alilala kwetu,
nasi tukafunzwa kunyata.
Hata ng'ombe, nadhani, alifunzwa.
Mama alikata nepia bila kishindo,
samadi akaitoa kwa toroli
ambayo gurudumu lake alilipaka mafuta ya kupikia
lisije likalia.

Kurasa zinaenda. Ada ya Gathuku karibu na dawa ya kupe.
"Nyange amepandwa. Sare, jozi moja. Pumba, magunia mawili."
Mwezi mmoja mzima hauna kitu
ila neno "kiangazi" na hesabu ya mitungi.

Halafu ukurasa huu:

"Tarehe kumi na tisa. Asubuhi lita sita.
Mtoto. Msichana. Salama.
Jioni lita sita."

Ni mimi huyo, katikati ya lita kumi na mbili.

Nani alikamua jioni ile?
Shangazi Nyaguthii anaapa si yeye, yeye alikuwa jikoni na uji.
Baba alikuwa zamu. Gathuku alikuwa na miaka minne.
Ng'ombe yule hakukubali mkono mgeni, angepiga ndoo teke.
Na ndoo haikumwagika: sita ni sita.

Nimeurudia mstari huo nikitafuta neno jingine.
Nimetafuta jina langu, nimetafuta uchungu, hata mvua.
Nimekuta nukta.
Ila kalamu, ilipofika kwenye "Salama",
ilikandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka,
na upande wa pili, juu ya deni la mtu,
kidole changu kinalisoma kinyumenyume.

Mama anaingia. Ameacha buti za mpira mlangoni,
leso kiunoni, ananukia majani mabichi.
"Hilo nalo mmelitoa wapi?"
Anatafuta miwani, analamba kidole, anafunua.
Tarehe kumi na tisa anaipita bila kusimama.
Kurasa mbili mbele anatulia, anapiga meza.
"Hoteli ya stendi! Mnaona?
Huyu mtu hajanilipa hadi leo."

Anachomoa kalamu chini ya kilemba
na kupiga mstari chini ya deni,
mmoja, kisha wa pili, polepole,
kama mtu ambaye bado ana muda wa kungoja.