Sailensa ya Thembo

Amefika kabla sijafungua kufuli la pili,
amepakata kitu ndani ya gazeti
kama mtoto anayepelekwa kliniki.
"Masika, nimeipata. Imetoka Kampala, Kisekka."

Sailensa. Fupi, inang'aa, mdomo wazi
kama wa mtu aliyetajiwa bei.
Na mfukoni, ndani ya soksi,
chujio la hewa, jekundu, umbo la pia.

Nikamuuliza, unataka mbio?
"Mimi na mbio wapi na wapi?
Nashusha kahawa, napandisha chumvi na sabuni."
Basi unataka nini?
Akageuka kutazama mlima.

Leo Rwenzori ilijionyesha. Theluji kidogo tu,
povu lililosahauliwa ukingoni mwa beseni.
Haikutimia robo saa, ikajifunika.

Boliti zilikuwa zimeshikana kwa kutu
tangu msimu ule Nyamwamba ilipoingia mitaani.
Nikazinywesha mafuta ya taa, nikaenda kunywa chai,
nikarudi na spana namba kumi.
Moja ilikubali.
Ya pili ikakatika shingo, kichwa kikabaki mkononi mwangu,
na umeme, bila shaka, umekwenda.
Tukangoja hadi saa sita
ili Kule, mchomeleaji wa madirisha, atuazime keekee yake.

Nikatoa kisanduku cheusi cha hewa, kizito kwa vumbi la barabara ya Kilembe.
Nikafunga koni. Nikafunga sailensa, gasketi mpya ya shaba.
Thembo akapiga kiki.

Kuku wa mama Ithungu hawajarudi hadi sasa.
Watoto wa shule walitoka madirishani nusu mwili.
Thembo akacheka, meno yote nje.
Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza kilicho chini ya kelele:
ukivuta mafuta, inakohoa,
kikohozi kikavu, cha mtu aliyelala bila kula.

Nikachomoa plagi, nikampa aione.
Nyeupe.
"Safi," akasema.
Si safi, Thembo. Hii ni njaa.
Umeifungulia pua, umeifungulia na kinyesi,
chakula ni kile kile.
Kilima cha tatu tu, pistoni itatoboka.
Weupe tunautaka kule juu, unakopungua.
Hapa nataka rangi ya chai ya maziwa.

Nikamwaga kopo la jeti mezani,
vijitundu vya shaba, kila kimoja na namba yake,
macho yangu siku hizi yanabishana na namba.
Mia na tano ikatoka, mia na kumi na tano ikaingia.
Lakini kwao hewa ni nyembamba,
kinachotosha hapa huko juu kitavimbisha tumbo.
Nikaitegea katikati,
kati ya mji na kwao,
isishibe sana, isife njaa.

Ndipo akasema, akiwa ameinama, anajifanya anafuta tangi:
"Mama hasikii tena vizuri.
Zamani aliijua pikipiki yangu tangu darajani,
nikifika, maji yako jikoni.
Juzi nilimkuta amenipa mgongo, nikamgusa bega.
Alitupa sufuria.
Aliniogopa, Masika. Mimi."

Sikujua la kumjibu.
Nikakaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa.
Kwenye hesabu nikapunguza elfu tano,
nikaisingizia ile boliti iliyokatika.

Akaondoka. Nikasimama mlangoni na tambara,
nikamfuata kwa masikio: gia ya pili, kona ya ghala la kahawa,
ya tatu, akairudisha ya pili, hapo pana mawe,
kisha bonde likamchukua.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Leo Jumatano, hajapita.
Sailensa yake ya zamani nimeitundika msumarini.
Kuna aliyekuja akaitajia bei, nikasema ina mwenyewe.
Tangu jana nyigu anaingia na tope mdomoni,
anatoka bila kitu.