Na Wengineo

Waraka wa kwanza niliuchapa Jumatatu, mwezi Machi,
mvua ikiishukia Kisumu kutoka upande wa Nandi kama mdai aliyechoka kubisha hodi.
"Kwa wafanyakazi wote wa Chuo na Hospitali yake ya Mafunzo:
naweni mikono kila baada ya nusu saa."
Bomba la ghorofa ya pili lilikuwa limekauka tangu Januari.
Nilichapa hivyo hivyo. Mimi ni karani,
kazi yangu ni nukta na mkato.

Wa pili ulisema: kaeni mita moja na nusu.
Ofisini tulikuwa wanne na feni moja.
Bwana Ochola akachukua rula ya mbao,
akapima kutoka kiti chake hadi changu,
akapima tena, akacheka, kisha akahamia koridoni
na faili zake na kikombe chake cha bati.
Alikaa huko hadi Septemba.
Tulizoea kumsalimu kama mgonjwa anayesubiri namba yake iitwe.

Wa tatu uliwarudisha wahadhiri nyumbani.
Wa nne ulisema nyumbani ndiko kazini,
asiyepokea simu kabla ya saa kumi na moja ahesabiwe mtoro.
Dakta Chelagat alifundisha takwimu kutoka jikoni kwake, Riat,
jogoo akichangia hoja.

Wa tano ndio ninaotaka kuusema.

"Wafuatao ni wafanyakazi wa lazima."
Madaktari. Wauguzi. Wa maabara. Madereva wa ambulensi.
Walinzi wa lango. Mtu wa oksijeni.
Wapewe barakoa, wapewe barua ya kupita saa za kafyu,
wakiugua watibiwe bure, mshahara usikatwe.
Nikaishuka orodha kwa kidole, nikaipanda tena.
Dobi hakuwemo.

Khavetsa alifua shuka za wodi ya saba kwa mkono
tangu mashine ilipokufa na fundi kufungiwa Nairobi.
Kibarua, siku kwa siku, miaka kumi na mmoja;
jina lake halikuwa kwenye orodha ya mishahara,
lilikuwa kwenye daftari la msimamizi,
kati ya sabuni na jiki.
Alfajiri alipenya vichochoro vya Nyalenda akiwakwepa polisi,
ili awahi kuloweka.

Nilimwendea Mkurugenzi. Alikuwa nyuma ya kioo kipya.
"Orodha imeshapitishwa," akasema,
na kioo kikaingia ukungu pale mdomo ulipokuwa.
Nikarudi mezani. Baada ya oksijeni nikaongeza
maneno mawili ambayo hakuna aliyenituma:
na wengineo.
Akatia saini bila kusoma.

Kwa wiki tatu nilijiona shujaa.

Agosti Khavetsa akaanza kukohoa.
Nilibeba nakala hadi dirisha la malipo,
nikaweka kidole pale.
Yule kijana aliisoma mara mbili, kwa upole, sitamsingizia.
"Wengineo ni akina nani?" akauliza.
"Wametajwa wapi?"

Alilazwa wodi ya saba.
Siku aliyoweza kusema, alininong'oneza
kwamba shuka haikusuuzwa vizuri.

Alipona. Bili ikawa elfu tisini na mbili.
Kikombe cha bati kikazungushwa koridoni;
wauguzi walitia, mtu wa oksijeni alitia,
Dakta Chelagat alituma kwa simu, akasema
ni bei ya jogoo na zaidi kidogo.
Mkurugenzi naye alitia. Hilo pia niliseme.

Leo nimeletewa waraka wa thelathini na nane:
"Nyaraka namba moja hadi thelathini na saba zimefutwa."
Kioo kimeondolewa, alama zake nne bado ziko mezani.
Khavetsa bado yuko daftarini.

Asubuhi nilimwuliza majina yake kamili.
Akafuta mikono kwenye aproni. "Ya nini?"
Nikamwambia: nataka tu kuona
kama yanaenea kwenye mstari.
Truphosa Khavetsa Shikanga.
Yanaenea.