Swali la Jikoni

Walikutana Jumanne katika ukumbi wetu, kaskazini ya Invercargill,
mvua ikija kwa ubavu kama ijavyo huku mwezi wa saba,
nami nikapewa kazi ninayopewa siku zote: birika.

Hoja ni moja, alisema mwenyekiti, akavaa miwani.
Anayeomba leseni ya bunduki, je, mkewe aulizwe
faraghani, yeye asiwepo?
Au huko ni kuchokonoa ndoa za watu?

Lindsay Croad hakungoja kuitwa.
Miaka arubaini nalinda kondoo wangu, alisema,
sungura niliowaua wakipanga foleni watafika Bluff.
Kabati langu chuma, limekazwa ukutani kwa boliti nne,
risasi chumba kingine, na ufunguo huu hapa —
akafungua kifungo cha shati tuuone uzi shingoni.
Serikali inataka nini tena? Ilale katikati yetu?
Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka.
Lindsay ana mdomo.

Daktari, yule binti mgeni, akaomba na barua ya daktari iongezwe.
Kijana mmoja nyuma akamjibu bila kusimama:
nikija kwako na huzuni yangu utaninyang'anya bunduki?
Basi sitakuja.
Binti akafunga daftari. Niliona neno lile likimwingia.

Tamahou wa duka la vifaa, ambaye huuza misumari na kimya,
alisema tu: Lindsay, hata mbwa wako ana namba.

Mimi nilikuwa nahesabu vijiko.

Mwaka ule bei ya sufu ilianguka
afisa alikuja kwetu na faili la bluu.
Akapima kabati, akaligonga kwa kidole, akaandika.
Nyumba njema si mlango,
ila fomu yake ilikuwa na nafasi ya mlango.
Kisha akamwambia Merv: bwana, hebu katazame kondoo kidogo.
Merv akatoka. Nikasikia buti zake barazani,
moja, mbili, tatu, nne,
basi.
Toka mlangoni hadi ngazi ni hatua kumi na moja.
Najua, mimi ndiye niliyefagia.

Mama, afisa akauliza, kuna lolote linalokutia hofu
ndani ya nyumba hii?
Birika lilikuwa limeanza kunung'unika.
Hapana, nikasema,
na kwa sauti, ili neno lifike lilikotakiwa.

Msingoje mkasa. Merv alikufa kitandani, ni moyo,
redio ikisoma hali ya hewa.
Hakuwahi kunielekezea kitu isipokuwa kidole.
Ila zilikuwapo siku, chache, sikuziandika,
alilifungua kabati lile na kuliacha wazi,
akaja mezani, akaketi kula.
Chumvi, alisema.
Nikampa.

Kwa hiyo mkiniuliza kama hapana yangu ilikuwa kweli,
sijui. Nimeigeuza miaka kumi na tisa,
haina upande wa nyuma.

Noeline, akaita mwenyekiti, una neno kabla hatujapiga kura?
Ilikuwa adabu tu. Alikuwa ameshanyanyua kalamu.

Muulizeni, nikasema. Lakini si jikoni.
Mchukueni hadi kwenye gari,
pandisheni vioo, washeni injini,
teremkeni barabarani mpaka nyumba isionekane,
ndipo mumuulize. Na mngoje.
Msiandike kabla hajamaliza kunyamaza.

Mvua ikazungumza na bati.
Lindsay alikuwa akiitazama dari kana kwamba inavuja.
Glenys, mkewe, ameshika mfuniko wa kopo la keki,
haufungi, haufungui.

Kura ikaahirishwa hadi mwezi wa nane.
Wanaume wakatoka kuwasha magari.
Nikaosha vikombe thelathini na kimoja,
na Glenys, ambaye haikuwa zamu yake,
akaja na kitambaa, akasimama karibu yangu.
Tukafuta, tukafuta,
vikombe vilivyokwisha kukauka.