Maji ya Kwanza

Shangazi Semeni huchuma mchunga umande haujakauka,
kando ya reli, Ngomeni, pale mkonge unapoishia.
Huvunja kwa ukucha. Utomvu mweupe
humganda vidoleni, ukageuka hudhurungi,
na hasemi neno mpaka kikapu kielemee mkono.

"Usichume wenye ua wazi," aliniambia nikiwa mdogo.
"Ua likishafunguka, uchungu umeshahamia jani."
Sikuuliza umehama kutoka wapi.
Leo nalipwa niulize.

Nimeanika majani kivulini siku sita,
nikayasaga, nikayaloweka kwa spiriti,
nikachuja. Maabara ni chumba kimoja, Tanga mjini,
chini ya feni inayokohoa,
na mezani vichupa kumi na viwili
vya dawa ya zambarau, zambarau iliyoiva,
ile inayochafua ndimi za watoto wa Muheza
shule zikifungwa Desemba.

Ndani ya rangi hiyo, alinieleza Kihiyo,
mna chembe zilizopungukiwa elektroni moja;
kila moja inazurura ikitafuta pa kupora.
Ndivyo mafuta yanavyochacha.
Ndivyo nasi, polepole, tunavyochakaa.

Nikadondosha tone la mchunga.

Zambarau ikasita.
Ikafifia kama leso iliyofuliwa miaka,
na baada ya nusu saa, kichupani,
manjano,
manjano ileile ya ua nililokatazwa.

Nilikaa kimya. Mmea umetoa chake bila kudaiwa,
kama mtu anayelipa deni la jirani
kisha akaendelea na safari yake ya sokoni.

Nikapima na yale maji, maji ya kwanza, meusi,
yanayochemshwa yakamwagwa ili mboga ilike.
Nikarudia mara tatu. Kihiyo akakagua mashine,
akapuliza vumbi lisilokuwepo.
Maji yalishinda jani.

Jumamosi nikafika Ngomeni na karatasi yangu,
nimejaa habari kama mtungi.
"Shangazi, miaka yote hii tunamwaga dawa,
tunakula makapi!"

Alikuwa anatia tui. Akakoroga, akaonja, akaongeza chumvi,
akanitazama kama anavyotazamwa mtoto
aliyekuja mbio kutangaza kwamba moto unaunguza.
"Nani anamwaga?"
Kwa kidevu akanionyesha dirishani
kikombe cha bati, kimefunikwa kisahani,
maji meusi yanapoa.

"Ninyi niliwapa mboga.
Uchungu nilikunywa mimi."

Katika jedwali langu mna safu ya jani,
safu ya ua, safu ya maji.
Nilitafuta pa kuliandika hilo, sikupaona.

Nikaomba nionje.
Uso ulivyonikunjika, alicheka mpaka akashika ukuta.
Karatasi niliisahau kulekule;
nasikia amefunikia chumvi.