Moja, Mbili, Tatu, na Nusu

Nilimnunua kwa fedha ya korosho ambazo bado zilikuwa maua,
kwa hiyo nikamwita Deni.
Watoto wa Newala hawakuwa na mbavu:
Bi Somoe kaamka na Deni!
Bi Somoe anavutana na Deni mlimani!
Sikujali. Madumu manne ya maji kila safari,
kutoka kisimani bondeni hadi huku juu,
kwetu sisi tuliojenga penye upepo mzuri pasipo na tone.

Mwisho wa msimu wa salfa, kijiwe
kilimwingia mguu wa mbele, wa kulia.
Sikukiona. Nilichosikia ni hesabu:
moja, mbili, tatu, na nusu.
Moja, mbili, tatu, na nusu.
Kila alipoukanyaga, kichwa kilipanda
kama cha mtu aliyeitwa ghafla kwa jina la utotoni.
Nikasema, atazoea.
Siku tatu nikampandisha mlima na ile nusu yake,
kwa kuwa nilikuwa na wateja,
kwa kuwa wahenga walisema punda afe, mzigo ufike,
na aliyelisema hilo, naapa, hakuwa na punda.

Siku ya nne ukwato ulikuwa wa moto kama bakuli la uji.
Hokororo, bwana mifugo, alikuja na pikipiki yake inayokohoa,
akachonga kwa kisu kifupi, akachonga,
mpaka usaha mweusi ukamrukia kiatuni.
Maji vuguvugu na chumvi, asubuhi na jioni.
Kitambaa safi.
Wiki sita asibebe hata unyoya.
Nikamuuliza, na maji atabeba nani?
Akaitazama miguu yangu. Akawasha pikipiki.

Dawa ya deni kulipa.
Nikalipa: dumu moja kichwani, mara nne kwa siku,
shingo ikiingia mabegani kama ya kobe.
Ndipo nilipoijua ile kona,
pale mzizi wa mkorosho unapokatiza njia,
ambapo maji huongezeka uzito bila kuongezeka.
Deni alikuwa akisimama pale kila siku.
Kila siku nilimchapa pale.

Wiki ya saba tukaanza na hewa.
Mgongo mtupu, kamba mkononi,
juu ya mchanga laini nyuma ya ghala la chama,
kwenda na kurudi, basi, nyumbani.
Mwanangu Ausi akasema, mama anamtembeza kama bibi harusi.
Kesho yake tena. Keshokutwa mbali kidogo.
Kisha tandiko peke yake.
Kisha madumu mawili matupu, yakagongana,
akaruka kama hajawahi kuyaona.
Kisha maji, lakini nusu dumu kila upande,
na mimi nyuma, kichwa chini, nikihesabu miguu ya mwenzangu
kama karani wa mizani anayejua anatazamwa.

Asubuhi moja nikaisikia tena ile nusu.
Moyo ukanishuka mpaka kwenye magoti.
Nikapapasa ukwato: baridi.
Nikamtembeza: ipo. Nikamsimamisha, nikatembea peke yangu:
ipo.
Ilikuwa ndala yangu, imekatika kamba.
Hata hivyo nikampumzisha siku tatu.
Masikio haya niliwahi kuyaziba; hayanidai imani.

Leo, madumu mawili, yamejaa hadi shingoni.
Kwenye mzizi akasimama.
Nikainama, nikashika: baridi.
Nikagonga kwa kifundo cha kidole, nikabonyeza kisigino cha ukwato.
Hakuunyanyua, hakushtuka,
alinitazama tu kwa jicho moja, anatafuna bibo lililoanguka,
maji yake mekundu yakimchuruzika kidevuni.
Amesimama kwa ubishi.
Ubishi mtupu, mzima, wa miguu yote minne.

Fimbo niliigeuza kuni mwezi uliopita.
Nikakaa juu ya mzizi.
Simu ikalia: yule mama wa mgahawa, sufuria limekauka.
Nikamwambia, maji yapo njiani, dada.
Ila Deni bado.